Bakteria wanaoweza kugeuza mabibo kuwa plastiki

Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua kuwa baadhi ya bakteria hujiwekea akiba ya poliesta mwilini, kama mnyama anavyoweka mafuta. Poliesta hiyo ni plastiki inayooza. Njia mojawapo ya kuipata ni kuvundika taka za chakula mpaka zitoe asidi. Bakteria hulishwa asidi hizo kwa wingi huku wakinyimwa naitrojeni. Wakishanenepa hupasuliwa, plastiki ikatolewa.

Kibiti, wilaya ya mkoa wa Pwani nchini Tanzania, ni eneo la mikorosho, na mabibo mengi huachwa yaoze shambani korosho zikishatolewa. Sukari yake, ikivundikwa kuwa asidi, ingewafaa sana bakteria hao. Plastiki inayooza bado inahitajika huko: marufuku ya Tanzania ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 haikugusa vifungashio vyote, na mikoko ya delta ya Rufiji hunasa kinachosombwa na maji. Plastiki ya bakteria huliwa na vijidudu vya udongo na bahari. Kikwazo kikubwa ni gharama.