Swali Lililochekwa

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, juu ya milima ya Usambara wilayani Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Na siku moja kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, akichelea kukosa nafasi, aliyaweka maziwa yake yangali moto, kisha akastaajabu kuona yameganda ilhali ya mwenzake, yaliyotiwa bila ya kuchemshwa, yangali ujiuji. Alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Akauliza tena alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, akapata dhihaka, hata makosa ya hesabu darasani yakawa yanaitwa kwa jina lake. Lakini Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipozuru Mkwawa na kuulizwa swali lile lile mbele ya vijana waliokuwa wakicheka, alilichukua swali hilo hadi Dar es Salaam, akataka jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Leo jambo hilo, la kitu cha moto kuganda kabla ya cha baridi, hujulikana ulimwenguni kwa jina la kijana huyo, na wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Kisa hicho nakileta mbele ya msomaji kwa kuwa kinabainisha mushkili mkubwa wa kufundisha sayansi, teknolojia na hisabati katika shule zetu za vijijini. Tumezoea kuhesabu vyombo vilivyopungua, na ni haki kuvihesabu; lakini hasara iliyo kubwa zaidi, ambayo haiandikwi katika daftari lolote la bohari, ni swali la mtoto lililonyamazishwa.

Tazama shule za kata, zilizoenea Tanzania tangu ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004. Baadaye serikali iliagiza kila moja ijengewe maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wananchi wakachanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, kuta zikasimama. Lakini pasipo maji, gesi, kemikali na fundi wa kuvitunza vyombo, chumba hicho hugeuka darasa la kawaida au ghala la madawati mabovu, na mwalimu hurejea ubaoni akachora bureti kwa chaki, mtoto akainakili, akahifadhi kwamba karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka buluu katika besi, naye hajapata kuishika karatasi hiyo mkononi. Kwa miaka mingi watahiniwa wa shule zisizo na maabara walifanya mtihani wa kueleza jaribio kwa maandishi badala ya kulitenda.

Fauka ya hayo kuna lugha. Mtoto aliyefundishwa msuguano, mvuke na kani kwa Kiswahili katika shule ya msingi huingia kidato cha kwanza akakuta mambo yale yale yanasomeshwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani, sokoni wala kisimani. Na aghalabu hunyamaza, si kwa kukosa akili bali kwa kuchelea kuchekwa. Istilahi tunazo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Mwalimu naye ana taabu yake, maana pengine ni mmoja tu wa fizikia na hisabati tangu kidato cha kwanza hata cha nne.

Hata hivyo, dhiki haijafunga kila mlango. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alitunukiwa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya ualimu, ilhali shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu, naye akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini.

Yako pia majaribio yasiyongoja bohari. Maua makavu ya choya yakichemshwa hutoa maji mekundu. Mwalimu akiyagawa katika vikombe viwili, kimoja akakikamulia ndimu na cha pili akatia magadi ya jikoni, kile cha ndimu huzidi wekundu, na kile cha magadi hugeuka buluu au kijani mbele ya macho ya darasa zima.

Haya hayaiondolei serikali wajibu wa kuleta kemikali, umeme na walimu, wala hayawaondolei wazazi wajibu wa kumpunguzia binti mizigo ya maji na kuni ili apate saa ya kusoma. Lakini siku binti huyo atakapoinua mkono, akauliza kwa Kiswahili chake iwapo majivu nayo yatafanya kama magadi, mwalimu asimwambie anyamaze, wala asiwaachie wenzake wamcheke. Ampe kikombe cha tatu, na majivu.