Kabla hujalipia shahada ya mtandaoni

Juma lililopita jirani yangu mmoja hapa Mbezi Beach, upande wa Tangi Bovu, alinibishia hodi saa moja jioni akiwa na simu mkononi. Ni mama wa watoto wawili, karani wa uhasibu, mwenye stashahada kama mimi. "Kaka," akasema, "wewe ni mtu wa redio. Hebu soma hapa, halafu uniambie nikakope saccos au nisikope."

Nikasoma. Chuo kikuu kimoja cha nje, kinachofundisha kwa intaneti tu, kilikuwa kimekwisha kumkubali kusoma shahada ya biashara kabla hajatuma hata cheti kimoja. Miaka yake kumi na miwili kazini ingehesabiwa kuwa nusu ya masomo. Ada ni kwa dola, na punguzo la bei mwisho wake Ijumaa.

Sikumcheka. Mtu aliyevuka miaka arobaini akiwa na stashahada anaujua uchungu wa tangazo la kazi linaloanza na maneno "awe na shahada". Vijana aliowafundisha kazi wanapandishwa vyeo, yeye anabaki kwenye meza ile ile. Swali la dada huyu basi si la kijinga. Ni swali la fedha ambazo zingelipa ada ya watoto wake, na linastahili jibu la makini.

Tuanze kwa kuweka jambo moja sawa: kusoma kwa mbali si kasoro. Chuo Kikuu cha London kilianza utaratibu wa kutoa shahada kwa wanafunzi wa nje ya chuo mwaka 1858. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Na hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na makao yake yapo Kinondoni, mwendo wa daladala tu kutoka Mbezi.

Kutafuta faida nako peke yake si dhambi. Lakini lazima tuelewe biashara hiyo inavyokwenda. Chuo cha namna hiyo kinaishi kwa ada, na ada huingia mwanafunzi anapojiandikisha, si anapopata kazi. Kwa hiyo kishawishi cha kutumia fedha na nguvu nyingi kwenye matangazo ni kikubwa.

Chukua mfano wa University of Phoenix ya Marekani, iliyoanzishwa na John Sperling mwaka 1976. Hicho si chuo hewa. Kina ithibati halali. Kampuni iliyokimiliki iliingia soko la hisa mwaka 1994, na kufikia 2010 wanafunzi wake walikuwa zaidi ya laki nne. Hata hivyo, Desemba 2019 kilikubali kulipa dola milioni 50 na kufuta madeni ya wanafunzi ya dola milioni 141. Tume ya Biashara ya Marekani ilidai kwamba matangazo yake yaliwaaminisha watu kuwa kampuni kubwa, Microsoft ikiwamo, zilishirikiana na chuo hicho kuwatafutia wanafunzi wake kazi. Chuo kilimaliza shauri bila kukiri kosa. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wakaguzi wa serikali ya huko walijifanya waombaji katika vyuo 15 vya kutafuta faida. Katika vyote 15 walikutana na maelezo ya kupotosha.

Hao ni wale ambao angalau wapo. Chini yao kuna kundi la pili, la vyuo ambavyo havipo kabisa. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa nyuma ya tovuti zisizopungua 370. Nyingi zilijiita vyuo vikuu, zikiwa na maprofesa waliokuwa waigizaji wa kulipwa, na zikiuza shahada kwa kisingizio cha "uzoefu wa maisha". Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa huu: hata vyombo vya ithibati vilikuwa bandia, vimetengenezwa na watu wale wale. Mteja aliyeuliza kama chuo kina ithibati alijibiwa ndiyo, na akaonyeshwa.

Sasa jirani yangu afanye nini? Nilimwambia ajibu maswali matatu.

La kwanza, nani katika nchi ya chuo hicho anakitambua? Jibu asilitafute kwenye tovuti ya chuo, bali kwa mamlaka ya elimu ya nchi hiyo. Kwa Marekani, Wizara ya Elimu ina orodha ya vyombo vya ithibati inavyovitambua. Chombo kisichokuwamo humo kitiliwe shaka.

La pili, je, hapa nyumbani itatambuliwa? Mwenye kauli ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Aiulize kabla ya kulipa, na kwa maandishi. Kuhusu ule uzoefu wa kazi, hata TCU ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Lakini mtu hupimwa kwanza, na anachopata ni sifa ya kuomba chuo, si nusu ya shahada.

La tatu ni hesabu. Ada yote mpaka mwisho ni shilingi ngapi, dola ikipanda je? Na mwajiri wake ataongeza nini akiiona shahada hiyo? Amwulize kwanza.

Wapo watakaosema cheti ni cheti, nani ataangalia? Tukumbuke Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, haukufika kwenye shahada. Lakini funzo lake ni kwamba cheti huweza kuulizwa baada ya miaka mingi ya mshahara, wakati mtu amekwisha kujenga na ana watoto shuleni.

Jirani yangu aliandika usiku ule ule akiuliza swali moja tu: nani anatambua shahada yenu? Asubuhi jibu lilikuwa limefika. Ithibati halikuitaja. Lilimwongezea punguzo la bei na kusogeza mwisho hadi Jumatatu.

Mkopo hakuuchukua. Shahada bado anaitaka, na ana haki ya kuitaka. Jumanne aliomba ruhusa kazini, akapanda daladala kwenda Kinondoni kuuliza sifa za kujiunga na Huria. Alirudi na karatasi ya masharti, na malalamiko kwamba itamchukua miaka mingi. Nikamwambia ndiyo, dada, itachukua miaka, na mitihani utaifanya mwenyewe.