Porsche ya 2017 na ya 2021 kwenye mbio moja: nani apunguziwe kasi?

Wiki chache kabla ya Januari, makontena yenye magari ya mbio kutoka Ulaya hushushwa bandarini Jebel Ali. Kutoka hapo magari hupelekwa Motor City, kwenye Dubai Autodrome, uwanja wenye mzunguko wa kilomita 5.39 uliofunguliwa mwaka 2004, kwa ajili ya Saa 24 za Dubai. Mbio hizi zimekuwapo tangu 2006, zinaandaliwa na kampuni ya Creventic ya Uholanzi, na wengi wa wanaoshika usukani ni watu wenye kazi nyingine mjini kwao. Gharama wanabeba wenyewe. Mtu anayebeba gharama mwenyewe habadilishi gari kila kiwanda kinapotoa toleo jipya, na ndiyo maana siku ya mbio utaona Porsche mbili zenye sura ya kufanana, moja imetoka kiwandani juzi, nyingine ina miaka saba mgongoni, zikigombea kona moja.

Je, mbio hizo ni za haki? Swali hili linawahusu hata wasomaji wasiopenda kelele za injini, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kubaki kwenye mchezo huu.

Wenye farasi walikutana nalo zamani. Dubai hiyohiyo ina uwanja wa mbio za farasi unaoitwa Jebel Ali, maarufu kwa sehemu yake ya mwisho ya kupanda inayomaliza pumzi za farasi wengi. Humo, kama kwingine duniani, farasi hubebeshwa uzito kulingana na umri na rekodi yake. Jedwali la uzito kwa umri lilipata sura yake ya kisasa katika karne ya 19 kwa kazi ya Mwingereza Henry John Rous, amiri wa jeshi la majini aliyegeuka kuwa mpimaji wa farasi. Hoja yake ilikuwa kwamba farasi wa miaka mitatu hajakomaa kama wa miaka mitano, basi apunguziwe mzigo, na tofauti hiyo izidi kupungua kadiri mwaka unavyosonga. Huko Ghuba kuna na jambo jingine: farasi waliozaliwa kusini mwa ikweta huhesabiwa umri kuanzia Julai au Agosti badala ya Januari, kwa hiyo wanaoitwa wa umri mmoja wanaweza kupishana nusu mwaka, na uzito wao lazima urekebishwe.

Magari nayo yana kasoro hiyo ya majina. Porsche 911 GT3 Cup ya kizazi cha 991 ilianza mwaka 2013 ikiwa na injini ya lita 3.8 na nguvu za farasi 460. Mwaka 2017 ikaja nyingine, bado ni 991, lakini injini ni lita 4 na nguvu ni 485. Mwaka 2021 kikaja kizazi cha 992 chenye nguvu 510. Mtazamaji jukwaani anaona Porsche tu. Mkaguzi wa mbio anaona magari matatu.

Wengi hukimbilia hesabu moja: gawanya nguvu kwa uzito. Tujaribu. Gari la 2017 lina kilo 1,200 hivi, la 2021 lina kilo 1,260 hivi. Kila moja linapata takriban nguvu 404 au 405 kwa tani. Kwa hesabu hiyo magari yako sawa kabisa, na mtu angeweza kufunga daftari akaenda kulala. Lakini Porsche yenyewe ilipolitangaza gari jipya ilisema litapunguza muda wa mzunguko kwa asilimia moja hivi. Faida hiyo imetoka wapi, kama haikutoka kwenye injini? Imetoka kwenye bodi pana zaidi, kwenye magurudumu ya mbele yanayoshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kwenye bawa la nyuma linaloning'inizwa kwa juu ili upepo upite chini yake bila kizuizi. Vitu hivi vinaligandamiza gari kwenye lami. Dereva anachelewa kukanyaga breki na anawahi kukanyaga mafuta.

Asilimia moja si kidogo. Mzunguko wa Dubai huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili, kwa hiyo tofauti ni kama sekunde 1.2. Kwa gari linalomaliza mizunguko 550 katika saa 24, sekunde hizo zinafika 660, yaani dakika 11, ambazo ni mizunguko mitano na zaidi. Mwenye gari la zamani anaweza kuendesha usiku mzima bila kosa hata moja na bado akashindwa na mtu aliyepotea njia mara mbili mchangani.

Waandaaji wana nyenzo chache za kurekebisha hali hiyo. Wanaweza kuongeza uzito, kwa kufunga vipande vya chuma au risasi kwenye sakafu upande wa abiria. Wanaweza kubana hewa, kwa kuweka pete yenye tundu dogo kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Kwa injini ya turbo wanaweza kushusha shinikizo. Wanaweza kuamuru gari liinuliwe kidogo kutoka ardhini au bawa lilazwe, na katika mbio ndefu wanaweza kupunguza mafuta yanayojazwa kila gari linaposimama. Kila nyenzo ina athari yake, na hapa ndipo waandaaji wengi wa mbio za ridhaa wanapokosea.

Chukua gari la 2021, libane hewa mpaka muda wake wa mzunguko ulingane na wa gari la 2017. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Uwanjani umezua balaa. Gari jipya sasa linakwenda polepole kwenye sehemu iliyonyooka, lakini bado ni kali kwenye kona. La zamani linalipita kwenye mstari ulionyooka kisha linafika konani na kuliziba njia. La jipya haliwezi kupita popote isipokuwa kwa kujipenyeza ndani wakati wa kufunga breki, na mahali hapo ndipo dereva wa ridhaa ana ujuzi mdogo zaidi. Magari yenye muda sawa yanayoupata muda huo sehemu tofauti hugongana zaidi kuliko magari yenye muda tofauti. Hili ningependa lieleweke vizuri: tunachopaswa kulinganisha ni kasi ya kona na kasi ya sehemu iliyonyooka, kila moja peke yake. Muda wa mzunguko ni jumla tu, na jumla huficha mengi.

Uzito kwa upande wake ni mwaminifu zaidi, kwa kuwa hupunguza kasi kila mahali: kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona. Tatizo lake ni gharama. Matairi na breki huisha mapema, na hao waliobebeshwa kilo nyingi ndio watakaonunua matairi mengi. Katika mchezo ambao watu wanajilipia, kanuni inayopandisha bei ya matairi inafukuza washindani.

Kuna pia ujanja. Mshindani akishajua kwamba jedwali litabadilishwa kwa kuangalia matokeo, ataficha makali. Ataendesha nusu nusu mazoezini, ataachia mafuta mapema kidogo kwenye kila kona, na kanuni zikishatoka atafunguka siku ya mbio. Ndiyo maana mfumo wa kurekebisha baada ya kila mbio, ambao mashindano makubwa huuendesha kwa vifaa vya kurekodi data na wahandisi wa kudumu, haufai klabu yenye wakaguzi wawili na mizani moja. Klabu ya aina hiyo inaishia kumwadhibu dereva mzuri na kumzawadia mwongo.

Dereva, kwa kweli, ni suala la pembeni ambalo halipaswi kuchanganywa na gari. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, huwapanga madereva katika madaraja manne: platinamu, dhahabu, fedha na shaba, na wengi wa madereva wa ridhaa wako kwenye shaba. Hiyo ndiyo njia safi. Mlinganyo wa magari uangalie magari.

Creventic walipopata 992 hawakuhangaika kuilinganisha na ndugu yake. Waliipa daraja lake, wakaiachia 991 daraja jingine, kila moja na kombe lake. Naona huo ni uamuzi bora kuliko jedwali lolote. Mwenye gari la zamani anashindana na wenzake, bei ya gari lake haianguki siku toleo jipya linapotangazwa, na hakuna anayelala na kikokotoo. Sharti lake ni idadi: daraja lenye magari mawili si mashindano.

Afrika Mashariki tuna historia yetu katika hili. Safari Rally ya kwanza, mwaka 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikugawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi Ulaya. Iliyagawa kwa bei ya dukani. Lilikuwa wazo la akili, maana bei hubeba kila kitu ambacho mhandisi husahau kukipima. Miaka ya karibuni tumeona upande wa pili. Magari ya R5, yenye injini ya lita 1.6 ya turbo, pete ya hewa ya milimita 32 na uzito wa chini wa kilo 1,230, yalipofika, madereva wenye Mitsubishi Lancer Evolution X, gari ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 2016, walijikuta nyuma. Manvir Baryan alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 2017, 2018 na 2019 akiwa na Skoda Fabia R5. Uhodari wake haupingiki, ila mwenye Evo hakuwa na jibu la suspensheni ile.

Na mtu asije akachukua jedwali la Dubai akalibandika Nairobi. Dubai iko karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali ya turbo hufidia sehemu kubwa ya pengo. Magari mawili yaliyolingana ufukweni hayatalingana nyanda za juu.

Kwa vilabu vya Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na kwa ndugu zetu wanaoendesha Ghuba, ombi langu ni hili. Gaweni magari kwa vizazi kila idadi inaporuhusu. Pale isiporuhusu, tumieni uzito kabla ya pete ya hewa, pimeni kona na sehemu iliyonyooka mbali mbali, chapisheni jedwali kabla ya msimu kuanza, kisha msiliguse mpaka msimu uishe.