Ufundi wa Kompyuta Baada ya Miaka Arobaini: Riziki ya Mkono na Amana ya Watu

Zipo nyumba ambamo baba hurudi jioni moja na barua ya kuachishwa kazi mkononi, umri wake ni miaka 48, na watoto wangali skuli. Zipo nyingine ambamo mama amefiwa na mume, na mali iliyobaki haitoshi mwaka mmoja. Watu wa hali hizi hutujia baada ya darsa na swali lenye sura nyingi lakini moyo wake ni mmoja: je, mtu wa umri huu aweza kuanza ufundi mpya, naye akaitwa fundi? Na kwa kuwa wengi siku hizi wauliza hasa juu ya kutengeneza kompyuta, tumeona tulijibu swali hili kwa urefu, na mji wa Machakos uwe mfano wetu.

Machakos ni mji wa bara, lakini si mgeni kwetu watu wa pwani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu tangu karne ya 19. Na katika kaunti hiyo ya Machakos kuna mahali paitwapo Wamunyu, ambapo yasimuliwa habari ya Mutisya Munge. Huyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akiwa mtu mzima, akaona uchongaji wa vinyago wa watu wa huko, akajifunza, na aliporudi akaueneza kwao. Ufundi ule wa mtu mmoja ukawa riziki ya maelfu, hata kule Changamwe, Mombasa, Wakamba wakaunda chama chao cha ushirika cha wachongaji mwaka 1963. Hatutaji habari hii kwa ajili ya vinyago vyenyewe, kwani hukumu ya sanamu yajulikana. Twaitaja kuonyesha kwamba ufundi haumngoji mtoto peke yake.

Na tukitaka mfano wa karibu zaidi na vitabu vyetu, basi yupo Imamu Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 417 wa Hijria. Lakabu yake yatokana na kufuli, kwa kuwa alikuwa fundi hodari wa kufuli, na hakushika njia ya elimu ila alipofika miaka thelathini, umri ambao wenziwe walikuwa wamekwisha kuwa walimu. Yeye alitoka kwenye ufundi kwenda kwenye kitabu. Aliye leo na miaka arobaini, akitaka kutoka kwenye meza ya ofisi kwenda kwenye bisibisi, njia ni ile ile, ila aipita kwa upande wa pili. Aibu ya kukaa mbele ya kijana aliye sawa na mwanao na kumwambia “nifundishe” ni nzito, lakini hupita kwa siku chache. Njaa ya watoto haipiti hivyo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Machakos iko kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi. Ina ofisi za kaunti, skuli nyingi, na chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2016; na upande wa kusini wajengwa mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013. Mahali penye wanafunzi na makarani hapakosi kompyuta, na penye kompyuta hapakosi zilizoharibika. Vipuri hupatikana Nairobi katika barabara ya Luthuli, safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Hewa nayo ina hukumu yake. Kwetu pwani adui wa kompyuta ni chumvi na unyevu, vinavyoleta kutu katika viungio. Bara adui ni vumbi, linaloziba feni hata mashine ikachemka na kujizima. Tena hewa ikiwa kavu, umeme tuli hujikusanya mwilini, na mguso mmoja waweza kuua kifaa pasi na fundi kuhisi lolote. Kwa hiyo fundi huvaa ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi kabla ya kugusa chochote ndani.

Anayeanza asikimbilie kulehemu. Aanze na yale yanayoleta wateja kila siku: kusafisha feni na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, kubadilisha kibodi, kioo na betri, kuongeza kumbukumbu, na kuitoa diski ya zamani izungukayo akatia ya kisasa isiyozunguka, ambayo huifanya mashine nzee iwake upesi kama mpya. Mambo mawili ayashike kama wasia. Sanduku la kugawa umeme katika kompyuta ya mezani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani, basi asilifungue kabla ya kufundishwa. Na betri iliyofura asiitoboe wala asiikandamize, kwani hushika moto.

Umri pia una haki yake. Baada ya miaka arobaini macho hupungukiwa na uwezo wa kuona vya karibu, na skrubu za kompyuta ni ndogo kama punje za ufuta. Miwani ya karibu na taa yenye kioo cha kukuza ni sehemu ya vifaa vya kazi, wala si dalili ya uzee wa kuonewa haya. Upande wa pili, mtu mzima ana mtaji ambao kijana hana: subira, ulimi wa adabu, na mazoea ya kuandika hesabu. Mteja hurudi kwa aliyemwambia ukweli.

Kwa anayetaka cheti, Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ina mitihani ya ufundi yenye madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia. Ujuzi wa mkono hupimwa humo, hata kwa aliyejifunza chini ya fundi.

Tuingie katika jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni amana. Kompyuta iletwayo kwa fundi si chuma na plastiki tu. Ndani yake mna picha za harusi, mama na binti zake bila mitandio, barua za mume na mke, hesabu za duka. Kulifungua jalada ambalo kazi haikulihitaji ni sawa na kuchungulia dirishani kwa jirani. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeipa nguvu haki ya mtu juu ya habari zake, lakini Muislamu hakuwa akiingoja sheria hiyo. Ndiyo maana twawahimiza kina mama na dada zetu waingie katika ufundi huu. Mji wenye fundi mwanamke mwaminifu huwapunguzia wake zetu na mabinti zetu hofu kubwa, naye aweza kuifanya kazi hii mezani kwake nyumbani.

Na kifaa kikiharibika mikononi mwa fundi? Wanavyuoni wamekhitalifiana iwapo hakuzembea; ama aliyezembea, atalipa. Basi aandike tangu mwanzo hali ya mashine ilivyopokelewa, na mwenyewe atie sahihi.

Lipo pia jaribu la programu za kuibia. Mteja husema, “Nitilie tu, kila mtu hufanya.” Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zalindwa na sheria ya dini, na haifai kuzidhulumu. Wala fundi hakufungiwa mlango. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki katika Windows 11. Mashine hizo zaweza kutiwa Linux, ambayo ni ya bure na halali, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu. Fundi aijuaye njia hii humwokolea mzazi fedha za kununua mashine mpya, naye akapata ujira wake bila doa.

Mwisho, fedha. Msianze kwa mkopo wa riba. Seti ya bisibisi, mita ya kupimia umeme, brashi na mashine moja mbovu ya kujifunzia zatosha kwa mwanzo. Vilivyobaki vinunuliwe kwa faida ya kazi. Mke na mume wakae wakubaliane mapema kwamba miezi ya mwanzo italeta ujuzi kuliko pato, na wapange matumizi kwa kadiri hiyo. Nasi tulio na kompyuta mbovu majumbani, tumpelekee mwanafunzi wa miaka hamsini kazi yake ya kwanza, na tumlipe ujira wake kabla jasho halijakauka.