Boriti za Mama Fundi na Anga ya Walukuba

Kipande cha zege kilichoninasa macho mjini Jinja hakina uzuri wowote. Ni chembamba, kinabebeka kwa mikono, na mafundi wanakiita laadi. Kimetoka karakana ya shirikisho la wakazi wa mabanda la Uganda, na ujuzi wake umetoka kwa wenzao wa India.

Mama mmoja fundi ananipitisha hatua kwa hatua. Nondo hulazwa ndani ya kalibu, zege humiminwa, ikatoka boriti yenye umbo la herufi T. Laadi nazo humiminwa pembeni. Kisha ni maji, asubuhi na jioni. Zege likikaushwa kwa pupa, anaonya, litakuaibisha mbele ya mwenye nyumba. Likikomaa, boriti hupangwa juu ya kuta, laadi zikalazwa katikati, na juu yake tabaka la zege. Sakafu ya ghorofa imepatikana. Hapakutandazwa mbao wala kusimamishwa msitu wa mirunda, na hapo, anasema, ndipo senti za maskini zinapookoka. Kama ukuta ni imara, kwa nini mtu atambae badala ya kupanda?

Swali lake halikuzuka jana. Walukuba, mtaa wa Jinja, ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954: nyumba za chini, za kupanga. Viwanda vilipodorora baada ya Waasia kufukuzwa nchini 1972, wapangaji walijibanza kwenye vibanda vya uani. Jirani, Masese, kina mama walijifunza ujenzi na kujijengea wenyewe kwa msaada wa Denmark. Malukhu, mtaa wa mji wa Mbale, nayo ikapata mradi wake wa nyumba. Hata hivyo Mbale ilizidi kutambaa kuelekea mabondeni, na mwisho wa Julai 2022, mto Nabuyonga ulipofurika, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Tangu 2001 sheria ya Uganda inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, hata ya ghorofani. Lakini mpangaji wa nyumba ya mamlaka ya mji atawekaje boriti juu ya ukuta usio wake? Mama fundi anazijua hesabu za saruji. Za hati anawaachia wakubwa. Jinja na Mbale ni majiji tangu 2020, na bei ya ardhi haimngoji mtu. Ghorofa zikianza kupanda Walukuba, atakayelala juu ni nani: aliyemimina zege, au mgeni mwenye fedha?