Alama za Kidato cha Sita na Mlango wa Chuo Kikuu



Ndugu wanafunzi na wazazi, hapa Morogoro tunavyo SUA, Mzumbe na Chuo Kikuu cha Waislamu. Wengi wetu tunadhani vyuo hutazama divisheni tu. Sivyo.

Baraza la Mitihani hupanga divisheni kwa kuhesabu A kuwa 1 na E kuwa 5. Mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kozi nyingi za shahada hutaka angalau pointi 4 kwa masomo mawili yanayohusika na kozi, na nyingine hutaka zaidi.

Tuchukue mfano. Aliyepata D, D na S, na aliyepata E tatu, wote wana Divisheni III. Wa kwanza, D zake zikiwa za masomo ya kozi, ana pointi 4: anaweza kuomba. Wa pili ana 2 tu. Anaweza kuanzia stashahada.

Basi tuwe mjini au Matombo, tusome mwongozo wa TCU kabla ya kuchagua tahasusi. Hata A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haihesabiwi kama kozi haikulitaja somo hilo.

Tujitahidi, kisha tumtegemee Allah.

Wabillahi tawfiq.