Methali na Nahau Zinazoeleweka Visivyo

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zimo katika Mkoa wa Pwani, lakini hakuna hata moja inayopakana na bahari. Mwanafunzi wa huko, awe Mzaramo au mtoto wa mhamiaji, hukutana darasani na methali zilizozaliwa jahazini, na pengine jahazi lenyewe hajapata kulipanda. Hapo ndipo swali letu linapoanzia: kwa nini maana ya methali hupotea ilhali maneno yake yangali yakisemwa?

Sababu ya kwanza ni neno moja kubeba maana kadhaa. Tuchukue methali isemayo, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Alijuaye neno *tezi* kwa maana ya kiungo cha mwili tu atadhani yasimuliwa habari ya mgonjwa. Kumbe *tezi* ni upande wa nyuma wa chombo, *omo* ni wa mbele, na *ngama* ni sehemu ya chini ndani, ambamo maji hukusanyika. Atangatangaye hana budi kurejea alikoanzia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi: "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Wako wanaolihusisha neno *chungu* na ladha. Sarufi yaikanusha tafsiri hiyo. Lingekuwa kivumishi, tungesema "bahari chungu". A-unganifu *ya* hapa yadai nomino. Chungu cha kupikia nacho hakileti maana. Nomino inayotakiwa ni *chungu* kwa maana ya sisimizi, ambayo imo pia katika methali, "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno." Basi methali yatufunza kwamba kilicho haba kwetu ni kingi kwa mnyonge. Tukimwondoa sisimizi, twaliondoa na funzo hilo la kumstahi mwenye kidogo.

Sababu ya pili ni kusahauliwa kwa mazingira. Katika "Mcheza kwao hutunzwa", *kutunza* si kulea, bali ni kumpa zawadi mchezaji ngoma aliyewapendeza watazamaji. Aielewaye kwa maana ya kulea aweza kuitumia kuhalalisha upendeleo, ilhali zawadi hiyo hutolewa kwa aliyekwisha kucheza.

Hata hivyo, si kila badiliko ni kosa. "Kwenda mrama" kwahusu chombo kinachoyumba baharini, nasi leo twasema mipango imekwenda mrama. Hapo maana imepanuka pasipo kuuvunja mfano uliomo ndani yake. Kosa hutokea pale tafsiri mpya inapopingana na sarufi ya usemi au inapoupindua ujumbe wake.

Kwa hiyo haitoshi mwanafunzi kukariri orodha ya methali na maana zake. Inampasa aulize mambo matatu: neno hili ni la aina gani, limetoka katika kazi au mchezo gani, na usemi hutamkwa kwa nani. Mwanafunzi wa Kisarawe aulizaye hivyo ataijua ngama, japo bahari iko mbali naye.